Mchoraji Aliyetoka Shamba la Kahawa

Msomaji mpenzi, Jumapili ukiingia kanisani, ukiisha kupiga goti na kukaa kwenye benchi, macho yako huenda wapi? Wengi hutazama picha. Ipo ya Moyo Mtakatifu, ipo ya Bikira Maria na Mwanawe, na ukutani zipo zile 14 za Njia ya Msalaba. Tumezizoea tangu utoto. Mara nyingi nyuso zilizomo hazifanani na uso wa mtu hata mmoja wa kijijini, wala hatuulizi ni nani aliyezichora na alifikiri nini alipozichora.

Leo nataka kukueleza habari za mchoraji mmoja ambaye kazi yake yote ni kama jibu la swali moja: nani anastahili kuwekwa ukutani? Jina lake Candido Portinari, mtu wa Brazili. Na wewe unayelima mibuni, huko Kilimanjaro au Bukoba au Meru, nisikilize vizuri, maana huyu alikuwa mwenzako.

Brazili iliwaachia huru watumwa wake mwaka 1888. Miaka ile ile maelfu ya maskini wa Italia walivuka bahari kwenda kufanya kazi katika mashamba makubwa ya kahawa ya huko. Wazazi wa Candido walikuwa miongoni mwa watu hao. Yeye alizaliwa mwisho wa mwaka 1903 katika shamba la kahawa karibu na kijiji cha Brodowski, katika jimbo la São Paulo, mtoto wa pili kati ya watoto 12. Shule yake ilikuwa ya msingi tu, tena hata hiyo hakuimaliza. Alivunjika mguu akicheza mpira, akawa akichechemea maisha yake yote.

Alipokuwa kijana mdogo wa miaka 14 hivi, mafundi wa Kiitalia waliokuwa wakizunguka vijijini kupamba makanisa walifika Brodowski, naye akawasaidia kazi. Kwa hiyo uchoraji aliuanzia kanisani, mikono imejaa rangi. Punde akaenda Rio de Janeiro, akaingia shule ya uchoraji. Mwaka 1928 alishinda tuzo ya kwenda Ulaya, akakaa Paris.

Ungedhani kijana wa kijijini akifika Paris atarudi na mabegi yaliyojaa picha. Alichora chache mno! Alitembea, akatazama kazi za mabingwa wa zamani, na usiku akakumbuka kwao. Aliandika barua kueleza habari za Palaninho, maskini mmoja wa Brodowski, na kusema kwamba akirudi atawachora watu wake. Safari ndefu ya kwenda kuwaona watu wakubwa ilimfanya awaone vizuri watu wadogo aliowaacha nyumbani. Mwaka 1931 alirudi Brazili pamoja na mkewe Maria, mwenyeji wa Uruguay.

Sasa tazama alichofanya. Mwaka 1934 alichora picha ya mkulima wa kahawa, mtu mweusi, jembe mkononi, amesimama peku juu ya udongo. Nyuma yake milima ina mistari ya mibuni, kisiki kimoja kimekatwa, na mbali gari la moshi linapita. Mwaka uliofuata alichora kubwa zaidi, jina lake Kahawa tu. Humo wanaume wanabeba magunia na nyuso zao zimefichika chini ya mizigo, wanawake wanachuma, mwanamke mmoja amekaa chini amechoka, na msimamizi amenyoosha mkono akiamrisha. Picha hiyo ilipewa sifa katika maonyesho ya Pittsburgh, Marekani, mwaka huo huo wa 1935, na tangu hapo dunia ikalijua jina la Portinari.

Lakini kitu kinachomshika kila anayezitazama picha hizo ni miguu. Miguu na mikono ya wakulima hao ni mikubwa kupita kiasi, mipana kama mizizi ya mti. Wako waliomlaumu kwamba anaharibu maumbile ya binadamu na kuwaaibisha watu wa Brazili mbele ya wageni. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Anayeshinda shambani tangu alfajiri anajua kwamba jioni miguu ndiyo anayoisikia, wala si pua wala masikio. Mchoraji alikuza kile ambacho kazi hukikuza.

Serikali ilipojenga jumba jipya la Wizara ya Elimu na Afya huko Rio, yeye ndiye aliyeitwa kuchora kuta. Mtu mwingine angechora magavana na majenerali juu ya farasi. Portinari alichora miwa, ng'ombe, dhahabu, tumbaku, pamba, kakao, mpira, kahawa, na watu wanaovitoa vitu hivyo ardhini kwa jasho lao. Wizara ya Elimu ikawa na wasiojua kusoma katika kuta zake. Sijui kama waziri alilifikiria hilo.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ndogo, wala si ya serikali.

Portinari alikuwa na bibi yake huko Brodowski, mama mzee aliyeitwa kwa Kiitalia Nonna, yaani Bibi. Uzee ulimlemea, akawa hawezi tena kutembea kwenda kanisani. Mnajua, wasomaji, jinsi jambo hili linavyowaumiza wazee wetu: kengele inalia, watu wote wanapita njiani wamevaa nguo safi, naye amebaki mlangoni na rozari yake. Mjukuu alikuwa mwaka ule 1941 ameshakuwa mtu mashuhuri. Ndiyo miaka ile ile aliyochora kuta katika maktaba kubwa ya taifa huko Washington. Basi mtu huyo akaja nyumbani kijijini, akachukua chumba kimoja cha nyumba ya familia, akakigeuza kuwa kanisa dogo la Bibi. Akachora ukutani watakatifu ambao mzee aliwapenda: Familia Takatifu, Bikira Maria akimwamkia Elizabeti, Mtakatifu Fransisko, Mtakatifu Antoni, Mtakatifu Petro na wengine, wamesimama kimo cha binadamu.

Na nyuso zao? Aliwapa nyuso za ndugu zake na rafiki zake. Bibi akiinua macho wakati wa sala aliwaona watakatifu wa mbinguni, na papo hapo aliwaona watu aliowalea na kuwalisha.

Pengine utasema, je, si kukosa adabu kumpa mtakatifu uso wa dada yako? Ni swali zuri. Wachoraji wa zamani huko Ulaya walifanya hivyo hivyo. Walimweka Petro uso wa mvuvi wa soko lao, na leo tunazisujudia picha hizo bila kujua. Tena watakatifu walikuwa ndugu za watu. Petro alikuwa na mama mkwe, na Injili inasema aliugua homa. Mimi naona kwamba bibi yule alipata kitu ambacho katika parokia kubwa hakipatikani kirahisi.

Hata hivyo si kila mtu wa Kanisa aliyependezwa na mikono ya Portinari. Katika mji wa Belo Horizonte, kando ya ziwa la Pampulha, mwaka 1943 lilijengwa kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Aliyelibuni ni Oscar Niemeyer, naye alilipa paa la mawimbi kama vilima vinavyofuatana. Portinari alichora picha kubwa nyuma ya altare, akachora Njia ya Msalaba, na ukuta wa nje akaufunika kwa vigae vyeupe vyenye picha za bluu za maisha ya Fransisko. Kanisa likawa tayari. Watu wakangoja libarikiwe.

Walingoja sana. Askofu mkuu alilikataa. Hakulipenda umbo lake, na hakupenda kwamba karibu na Fransisko, mahali ambapo tungetazamia yule mbwa mwitu wa Gubbio, mchoraji ameweka mbwa wa kawaida, mbwa koko wa uani. Tena watu hawa wawili, mjenzi na mchoraji, walijulikana kuwa Wakomunisti. Portinari hata alisimama kugombea ubunge mwaka 1945 na useneta mwaka 1947 kwa chama hicho, akashindwa mara zote mbili. Kwa hiyo jengo likakaa miaka bila Misa. Lilibarikiwa mwaka 1959 tu, na mwaka 2016 likaingia pamoja na majengo ya jirani katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Sitaki kumdharau askofu. Mchungaji ana haki ya kuuliza kinachowekwa mbele ya macho ya kondoo wake, na katika miaka ile ya ugomvi wa Ukomunisti na Kanisa, swali halikuwa jepesi. Lakini kuhusu mbwa, nadhani mchoraji alimwelewa Fransisko vizuri. Mkulima wa Brodowski hajapata kumwona mbwa mwitu wa Italia. Mbwa koko anamwona kila siku, tena anamfukuza kwa jiwe. Ukimwonyesha mtakatifu akimpokea mnyama huyo, somo limefika mlangoni pake.

Miaka ya vita vikuu vya pili moyo wa Portinari uliingia giza. Mwaka 1944 alichora wakimbizi wa ukame wa kaskazini-mashariki ya Brazili. Utotoni aliwaona watu wa namna hiyo wakipita Brodowski. Picha inaonyesha familia nzima imesimama njiani: mzee na fimbo, mama na furushi kichwani, mtoto mwenye tumbo lililovimba, na juu yao tumbusi wanazunguka. Katika picha nyingine ya mwaka huo mama ameshika mtoto aliyekufa, na machozi ya wanaolia yanadondoka mazito kama mawe. Ukizitazama hutaki kula. Lakini jinsi mama yule anavyomshika mtoto unaijua: ndiyo ile ya kituo cha 13, Yesu anaposhushwa msalabani.

Halafu ikaja kazi iliyo kubwa kuliko zote. Brazili ilitaka kuupa Umoja wa Mataifa zawadi kwa jumba lake la New York, na Portinari akaombwa achore picha mbili, Vita na Amani. Kila moja ina urefu wa mita 14 hivi kwenda juu na upana wa mita 10. Alifanya kazi kutoka mwaka 1952 hadi 1956, kwa michoro ya majaribio zaidi ya 100.

Ungechoraje Vita, msomaji? Bunduki, ndege, mizinga. Katika picha ya Portinari hamna silaha ya askari wa leo hata moja. Kuna wapanda farasi wa kitabu cha Ufunuo, kuna wanyama wakali, na sehemu kubwa ni akina mama: wamepiga magoti, wameinua mikono, wameshika maiti za watoto wao, wote katika rangi ya bluu iliyokolea. Na Amani? Ni watoto wa Brodowski. Wanabembea, wanapinduka kichwa chini miguu juu, wanaimba pamoja. Picha hizo ziliwekwa zitazamane katika mlango wanaopitia wajumbe wa mataifa, ili mtu akiingia aone Vita na akitoka aone Amani.

Zilizinduliwa tarehe 6 Septemba 1957. Aliyezichora hakuwapo; siasa yake ilimfungia mlango wa Marekani. Zilikwenda Brazili mwaka 2010 kutengenezwa, na kurudi mahali pake mwaka 2015.

Nimeacha jambo moja hadi sasa. Katika rangi za mafuta alizotumia mlikuwa na risasi, madini yale yale ya kutengenezea risasi za bunduki, nayo ni sumu inayoingia mwilini kidogo kidogo. Kabla hata hajamaliza Vita na Amani, madaktari walikwisha mkataza kuzigusa rangi hizo. Hakutii. Kwa muda fulani alijaribu kushika penseli za rangi tu, kama mtoto wa shule, na kwa penseli hizo mwaka 1956 alichora picha za kitabu cha Don Quijote, yule mzee wa Hispania aliyeshambulia vinu vya upepo akidhani ni majitu. Kwa kuwa zamani alikwisha kuchora picha za vitabu vya Machado de Assis, mwandishi mkuu wa nchi yake, kazi hiyo hakuwa mgeni nayo. Picha ni nzuri ajabu. Nani angedhani penseli ingeweza hayo?

Lakini penseli hazikumtosha. Alirudia rangi zake. Alikuwa akitayarisha picha nyingi za kupeleka kuonyeshwa Milano, Italia, nchi ya wazee wake, sumu ilipomshinda. Alifariki Rio de Janeiro tarehe 6 Februari 1962, akiwa na miaka 58. Mwanawe wa pekee, profesa wa hesabu, tangu mwaka 1979 ameongoza kazi ya kuzitafuta na kuziandika kazi za baba yake zote, picha na michoro, na zimepatikana karibu 5,000. Nyingi zimo katika nyumba za watu binafsi, hazionekani na umma. Ile nyumba ya Brodowski iliyo na kanisa dogo la Bibi ilifunguliwa mwaka 1970 kuwa makumbusho, na mtu yeyote wa kijijini anaweza kuingia na kutafuta ukutani uso wa babu yake.