Kuijua Kozi Ukiwa Umechelewa

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu wa shahada ya uhasibu, imebaki semista moja amalize. Jumamosi moja alivuka kutoka Mwanza kuja Busisi, akanikuta kwa mama yake, akaniamkia shikamoo, na kabla sijamaliza kuitikia akasema: "Mjomba, mimi uhasibu basi. Nataka kusomea ufugaji wa samaki." Mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa anaanua dagaa uani. Alisimama na ungo mkononi, asiseme neno, kisha akaendelea kuanua.

Safari ile zamani ilikula nusu siku. Ulifika Kigongo, ukapanga foleni ya kivuko, ukanunua karanga, ukangoja. Tangu Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3, gari linavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Dada yangu aliuza samaki wa kukaanga kwenye foleni ya upande huu wa Busisi kwa miaka mingi. Sare, madaftari na nauli za shule za binti huyu zilitoka kwenye foleni ile. Foleni imekwisha, naye sasa anauza dagaa wa gunia kwa wanaokwenda Geita. Kwa hiyo mama amebadili kazi akiwa na miaka hamsini na mbili, na ameweza. Lakini binti wa miaka ishirini na tatu kutaka kubadili kozi kunamtia hofu, na hofu hiyo ina msingi.

Nimelifikiria jambo hili kwa wiki kadhaa, maana najua si la nyumba yetu peke yake. Nyumba nyingi za kanda hii zina kijana aliyefika mwaka wa mwisho akagundua kwamba njia aliyopita si yake. Tunachomwambia kwa kawaida ni maneno mawili: vumilia, maliza. Mara nyingi ni ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba tunautoa bila kuuliza imekuwaje akajua leo, na si juzi.

Mpwa wangu alijua akiwa field. Baada ya mwaka wa pili alipangiwa wiki nane kwenye kikundi cha vijana wanaofuga sato kwenye vizimba ndani ya ghuba, kati ya vile vilivyoongezeka baada ya Serikali kuanza kukopesha boti na vizimba. Alipelekwa kuwawekea vitabu. Ili ajue gharama, ikabidi ahesabu mifuko ya chakula. Ili ajue kama chakula kinaleta faida, ikabidi apande mtumbwi, atoe samaki kadhaa kwenye kizimba, awapime uzito, arudi kupiga hesabu ya kilo ngapi za chakula zimezaa kilo ngapi za samaki. Akagundua kwamba vifaranga vya kizimba cha tatu havikui kama wenzao, akauliza sababu. Hapo ndipo alipopotelea, au tuseme alipojipata. Kikundi hakikuwa na mtu wa kumjibu.

Ukichunguza kalenda ya vyuo vyetu utaona jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha mjadala wote. Dirisha la kuhama kozi hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, kwa muda mfupi. Mafunzo kwa vitendo, kwa kozi nyingi za biashara, utawala na jamii, huja mwisho wa mwaka wa pili. Maana yake kijana huoneshwa kazi yenyewe baada ya mlango wa kutoka kufungwa. Wanafunzi wa ualimu wana nafuu, kwani wengi wao huenda kufundisha mwisho wa mwaka wa kwanza, na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupelekwa viwandani na kwenye miradi mapema vilevile. Mhasibu mtarajiwa hukaa miaka miwili akisoma kazi ambayo hajawahi kuiona ikifanywa. Akisema mwaka wa tatu kwamba si yake, tunamwita kigeugeu.

Chanzo kiko nyuma zaidi. Kozi ya chuo huamuliwa na tahasusi, na tahasusi huchaguliwa kidato cha nne, kwenye fomu inayojazwa na mtoto wa miaka kumi na sita au kumi na saba. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65 kutoka 16 za awali. Nimefurahi kuona uchaguzi umepanuka, ila kumwongezea mtoto njia za kuchagua hakumpi macho ya kuziona. Mpwa wangu alichagua ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, kwa sababu alizoea kumsaidia mama yake hesabu za samaki. Sababu nzuri kabisa. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa kuchagua hesabu za samaki alikuwa anawaacha samaki wenyewe.

Maana sasa akitaka shahada ya ufugaji wa samaki, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, atadaiwa masomo ya sayansi ya kidato cha sita. Hana. Alichonacho ni matokeo ya kidato cha nne: C ya baiolojia na D ya kemia. Kwa hayo anaweza kuomba astashahada katika kampasi ya Nyegezi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, kisha apande hadi stashahada, kisha, GPA ikiruhusu, aombe shahada kwa mlango wa stashahada. Miaka mitatu kabla hata ya kuigusa shahada. Na krediti zake? Shahada ya miaka mitatu nchini haipungui krediti 360, 120 kwa mwaka. Yeye amekusanya kama 300. Kwenye kozi mpya zingemfuata chache: stadi za mawasiliano, masomo ya maendeleo, labda kompyuta na takwimu, na hata hizo kwa hiari ya chuo kinachompokea.

Halafu kuna bumu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu humtaka mnufaika aliyeacha masomo arejeshe kwanza robo ya mkopo aliokwisha kupokea kabla ya kufikiriwa upya. Tuseme amepokea shilingi milioni 8: robo yake ni milioni 2. Dada yangu angeuza dagaa mpaka lini? Na milioni 6 zinazobaki hazifutiki. Zinasubiri mshahara ili zikatwe asilimia 15 kila mwezi. Mkopo wa wanafunzi ni deni la Watanzania wote na sharti lirudi, sina ubishi na hilo. Lakini sheria zake zinaweza kulainishwa pale zinapoumiza bila sababu. Ilikuwa hapa hapa Mwanza, kwenye Mei Mosi ya 2021 uwanja wa CCM Kirumba, Rais Samia alipotangaza kufutwa kwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Bodi haikufa. Ninachouliza ni kwa nini anayehama kozi baada ya kufanya field awekwe kapu moja na aliyekimbia chuo.

Watu wa Ziwa tuna historia katika jambo hili. Novemba 1974, huko Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha azimio lililobeba jina la mji huo. Watu hulikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote, lakini lilikuwa na kipengele kingine: aliyemaliza kidato cha sita aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi walau miaka miwili, ndipo aombe chuo kikuu. Utekelezaji wake ulikuwa na kasoro kubwa. Wasichana walioondoka shuleni kwenda kazini wengi hawakurudi, wakaja kuondolewa sharti hilo baada ya muda mfupi. Na kumtaka kijana alete barua ya tawi la chama ili asome kulifungua mlango wa upendeleo. Sitamani kanuni ile irudi. Ila ndani yake kulikuwa na fikra ambayo tumeitupa pamoja na kasoro zake: kwamba mtu aione kazi kwanza, achague baadaye.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, mtoto wa Butiama, alipofika Edinburgh mwaka 1949 alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia. Oktoba mwaka huohuo akakubaliwa kusoma shahada ya sanaa, akiwa na miaka 27, tayari amekwisha kuwa mwalimu Tabora. Shahada ile ya Uskochi ilimruhusu kuchanganya uchumi, historia, falsafa ya maadili, sheria ya katiba na fasihi ya Kiingereza, akahitimu Julai 1952. Ungempeleka mtu wa namna hiyo leo kwenye dawati la udahili akaeleza anavyotaka kusoma, angeambiwa sifa zake hazilingani.

Upo mfano wa upande wa pili, na jina lake liko darajani. John Magufuli alifundisha kemia na hisabati Sengerema Sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1980, akawa mkemia wa Nyanza Cooperative Union, akaingia bungeni mwaka 1995, akapita wizara za ujenzi na ardhi na uvuvi. Kazi alibadili mara nyingi. Fani ya masomo hakuibadili; hata uzamivu wake wa 2009 ulikuwa wa kemia. Wazee wa hapa hunitajia habari hii ninapozungumzia mpwa wangu, wakimaanisha: amalize, maisha yatampeleka yatakakompeleka. Wana hoja. Kazi ya mtu si lazima iitwe jina moja na cheti chake. Lakini tukumbuke kwamba marais ni watu wawili watatu. Waliomaliza kozi wasiyoipenda wakaishia kukaa na cheti kabatini hakuna anayewatolea mfano, na waliohama wakapotea vilevile.

Ndiyo maana nilipomhoji mpwa wangu sikumuuliza anapenda nini. Mapenzi ya mwaka wa tatu yanaweza kuwa uchovu wa mwaka wa tatu. Wapo wanaotaka kuhama kwa sababu wana sapu mbili na wanaogopa disko. Huyo anakimbia mtihani, na mtihani atakutana nao huko aendako. Wapo wanaohama kwa sababu rafiki amepata ajira kwenye fani fulani. Nilimuuliza matokeo yake, akanionesha: hana sapu hata moja. Nikamuuliza tangu field iishe amerudi kwenye vizimba mara ngapi. Akajibu kila Jumamosi, kwa nauli yake, bila kulipwa. Nikamuuliza anajua samaki hufa. Akanieleza asubuhi waliyokuta sato wameelea tumbo juu, maji yamekosa hewa, na jinsi walivyowatoa kwa ndoo. Aliyasimulia haya bila kuyapamba. Nikaamini.

Hata hivyo nilimwambia amalize uhasibu. Sikusema hivyo kwa kuihurumia ile miaka mitatu. Iliyopita imepita, haidai kulipwa kwa miaka mingine. Nilisema hivyo kwa hesabu ya mbele: semista moja inampa shahada kamili na kumwondoa kwenye sharti la robo ya mkopo, na FETA itakuwapo mwaka ujao. Angekuwa mwaka wa pili ningemshauri vingine. Angekuwa anasomea kazi inayogusa uhai wa watu, kama udaktari, huku moyo haupo kabisa, ningemwambia aache hata ikibaki semista moja. Umbali uliobaki una uzito kuliko umbali uliopitwa, na nadhani wazazi wengi tunaupima huu wa pili kwa sababu ndio tulioulipia.

Kilichomuuma si mwaka wa ziada. Ni neno astashahada. "Mjomba, watu wataniona nimeshuka," alisema, na mama yake akaitikia kwa kichwa. Hapa naomba tuwe wakweli sisi wenyewe kabla ya kuilaumu Tume ya Vyuo Vikuu. Tumewafundisha watoto kwamba elimu ni ngazi ya kupanda tu, na anayerudi chini kuchukua ujuzi ameanguka. Mwenye shahada ya uhasibu anayekwenda Nyegezi kujifunza magonjwa ya samaki hajaanguka. Kizimba kinauawa na vitu viwili, maradhi na hesabu mbovu ya chakula. Mtu anayevijua vyote viwili ni adimu kwenye ghuba hii yote.

Tume nayo ina la kufanya, na si kubwa. Wanafunzi wa kozi zote wapelekwe kwenye maeneo ya kazi mwaka wa kwanza, hata wiki tatu tu. Dirisha la kuhama lifunguliwe mara ya pili baada ya hapo. Na krediti za mwenye shahada anayeingia stashahada zipimwe kwa kile anachokijua, maana haingii akilini mhasibu afundishwe upya utunzaji wa kumbukumbu za fedha za bwawa. Hatulazimiki kuiga Marekani, ambako wanafunzi wengi hutangaza fani mwisho wa mwaka wa pili. Wao wana miaka minne na mifuko mingine. Sisi tunahitaji kupanga upya tarehe tulizonazo.

Dada yangu hajakubali. Wiki iliyopita, hata hivyo, alimuuliza binti yake kwa nini dagaa wa mwezi mchanga hukauka vizuri kuliko wengine, swali ambalo hajawahi kumuuliza mhasibu. Mitihani inaanza baada ya wiki sita. Jumamosi hii mpwa wangu atakuwa kwenye mtumbwi, na ameniomba nimtafutie mizani ya kuning'iniza, maana ile ya kikundi haisomi gramu.