Tunapenda Chungu, Tunamdharau Mfinyanzi

Vijana wapendwa, katika parokia zetu za milimani, kuanzia Kabare hadi Kalehe na kisiwani Idjwi, imekuwa desturi nzuri kuzungumza juu ya kufufua kazi za mikono za wazee wetu. Siku ya msimamizi wa parokia hupangwa meza, na juu yake huwekwa vikapu, mikeka ya mafunjo, vibuyu na vyungu. Watu hupita, husifu, hupiga picha. Sina neno dhidi ya meza hiyo. Lakini naomba mtazame ni nani anayesimama nyuma yake. Mara nyingi ni kijana wa kikundi, mwenye fulana safi, anayeeleza habari za chungu ambacho hakukifinyanga, kilichonunuliwa kwa mama ambaye hakualikwa.

Husemwa kwamba plastiki ndiyo iliyoua ufinyanzi. Hilo ni kweli nusu tu. Bidoni ni nyepesi, haivunjiki ikianguka, na mwanamke anayepanda mlima na lita 20 za maji mgongoni hastahili kulaumiwa kwa kuichagua. Hata hivyo kikapu nacho kimekutana na plastiki, na bado kipo. Mihogo na mboga zinaendelea kushuka sokoni ndani ya vikapu vinavyobebwa kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Kwa nini kikapu kimesimama na chungu kimeanguka? Naona sababu moja ambayo hatupendi kuitaja. Kusuka ni kazi ya kila nyumba, wala hakuna anayeionea haya. Ufinyanzi, kwa sehemu kubwa, tuliwaachia Batwa, kisha tukawadharau wao pamoja na kazi yao.

Wengi wenu hamkufundishwa historia hii shuleni. Batwa waliishi kwa msitu: uwindaji, asali, dawa, miti. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega ilipoundwa mwaka 1970, kisha ikapanuliwa mwaka 1975, familia zao zilitolewa msituni bila fidia na bila mashamba. Mwaka 1980 hifadhi hiyo ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na wao wakabaki pembezoni mwa vijiji vya watu wengine, wakiishi kwa vibarua na kwa udongo. Majirani walinunua vyungu vyao, wakapikia maharage, wakahifadhia kasiksi. Lakini mfinyanzi alipopita kwenye sherehe, alipewa pombe katika chombo cha pekee ambacho hakuna mwingine angekigusa. Tulikula katika chungu chake, ila hatukukubali kula pamoja naye.

Nani kati yetu anajua kazi iliyomo ndani ya chungu kimoja? Udongo huchimbwa bondeni, kwenye kinamasi, hubebwa kichwani, huondolewa mawe na mizizi, hupondwa, huchanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa ili usipasuke motoni. Hakuna gurudumu. Mfinyanzi huviringisha kamba za udongo, huzipandisha moja juu ya nyingine, huku akizunguka chungu au akikizungusha chungu chenyewe, kisha hulainisha kwa kipande cha kibuyu au kijiwe. Kisha chungu hukaa kivulini siku kadhaa. Kikiharakishwa hupasuka, na mvua ikiingia kazi yote hurudi kuwa matope. Mwishoni huja moto wa majani makavu na matawi, uwanjani, bila tanuri, na anayeuongoza hupima joto kwa macho yake. Baada ya hayo yote mnunuzi humwambia: "Ni udongo tu, punguza bei." Mimi hufundisha walimu wa kesho, na nathubutu kusema kwamba maarifa yaliyo katika mikono hiyo hayapungui yale tunayoyatolea diploma.

Maandiko hayana aibu hiyo yetu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi ya fundi: dhahabu, fedha, shaba, mawe, miti. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamtazama mfinyanzi akiwa kazini mpaka usiku, anakiri kwamba watu wa namna yake hawaketi katika baraza la wakubwa, lakini anatambua kuwa bila wao mji hauwezi kukaliwa. Watu wa Nazareti walimwita Bwana wetu fundi, na walisema hivyo kwa kumdharau. Papa Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hupimwa kwanza kwa mtu anayeifanya, si kwa kitu kinachotoka mikononi mwake. Sisi tumegeuza: kitu tunakiweka mbele ya altare (tena wakati mwingine tunakijaza maua ya plastiki!), na mtu tunamwacha nje ya uzio.

Najua wengine kati yenu watasema: "Mwalimu, dunia iko kwenye simu na kompyuta, nawe unaturudisha kwenye vyungu." Hapana. Sidai kwamba mama zenu waache sufuria. Nadai kwamba ufundi huu una mahali pake leo, kama utaachwa utembee. Huko Kenya, tangu miaka ya 1980, wafinyanzi na mafundi wa bati wameshirikiana kutengeneza jiko la makaa lenye tumbo la udongo uliochomwa. Udongo hushika joto, na makaa hutumika kidogo zaidi kuliko katika mbabula ya bati tupu. Fikirini jambo hilo mkiwa Bukavu, ambako gunia la makaa hugharimu kila familia, na ambako sehemu ya makaa hayo hutoka katika msitu uleule wa Kahuzi. Simu yenu inaweza kumpatia mfinyanzi wanunuzi wa mjini bila kupitia kwa mchuuzi anayechukua faida kubwa kuliko yeye. Hiyo ni kazi inayowafaa.

Lakini kwanza kuna suala la udongo wenyewe. Mabonde yanagawanywa kuwa mashamba na bustani za mboga, na mfinyanzi asiye na ardhi huchimba kwa kuomba, au hufukuzwa. Nchi yetu inayo sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki za watu wa asili Mbilikimo. Je, kuna kikundi kimoja cha vijana kilichoisoma? Tume za Haki na Amani za parokia zipo, na mwami na wakuu wa vijiji wanasikiliza parokia inapozungumza. Bonde moja likihifadhiwa kwa ajili ya wafinyanzi, hilo litafaa kuliko maonyesho kumi.

Kiangazi kinaanza Juni, na huo ndio wakati mzuri wa kukausha na kuchoma. Likizo kubwa nayo inafuata. Kikundi kitakachotaka kwenda kwa wafinyanzi kiwatume kwanza wawili kuomba ruhusa, kisiwaandikie bei watu ambao hakijazungumza nao, kilipie mafunzo kama tunavyolipia mafunzo ya kompyuta, na kibebe maharage ya kutosha watu wote, wenyeji na wageni, yapikwe hapohapo katika chungu kimoja.