Pikapu Kubwa, Mzigo Uleule
Shemeji yangu, anayesomba machungwa kutoka Muheza hadi Tanga mjini, anataka kuuza Hilux yake anunue Ford F-150. “Mzigo umenizidi, shemeji,” ananiambia. Nikamwuliza, trela unalo? Hana. Hapo ndipo hesabu inapogoma. Hilux hubeba takriban tani 1. F-150 nyingi hazizidi hapo sana, nyingine hata hazifiki, maana ubabe wake uko kwenye kuvuta. Upana wake unapita mita 2 kabla ya vioo vya pembeni, na njia ya shambani kwake hata Hilux hupita ikikwaruzwa na matawi ya michungwa. Nimemshauri akodi Canter msimu wa mavuno tu. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.