Kura ya Asiyeona Huanzia Kituo cha Basi

Ukitoka kituo cha metro cha Xiaobei, kile cha Laini ya 5 kilichofunguliwa Desemba 2009, angalia chini. Utaona vigae vya njano. Vyenye mistari vinamwambia asiyeona aendelee, vyenye vidoto vinamwambia asimame, mbele kuna kona au ngazi. Ni kweli, hapa Dengfeng mara nyingi utakuta marobota ya nguo yamewekwa juu yake, tena mengine ni ya kwetu sisi Waafrika. Hilo nalo tuambizane.

Kila nikivikanyaga namkumbuka mjomba wangu, ambaye haoni tangu utotoni. Mwaka 2015 alijiandikisha kupiga kura akiwa Magomeni, Oktoba ikamkuta keshahamia Mbagala. Uchaguzi ule Tume ilikuwa na jalada maalum lenye alama za kugusa: karatasi ya kura inaingizwa ndani, asiyeona anapapasa na kuweka alama yake mwenyewe. Safi kabisa. Lakini Mbagala hadi Magomeni utafikaje peke yako? Jirani akampeleka kwa bajaji, nauli akalipa yeye, na njia nzima anamsifia wagombea wa chama chake. Walipofika akasema, "Mie ndo msaidizi wake." Sheria inamruhusu mjomba kumchagua msaidizi au kumkataa, ila jamani, utamkataaje aliyekulipia nauli, na kurudi utarudi naye? Siri ya kura yake iliishia kwenye bajaji.

Ndiyo maana nawashangaa wanaosema wasioona wadai nukta nundu tu, habari za bajeti ya mabasi wawaachie wengine. Mwenye macho basi likikosekana atatembea au ataendesha gari. Asiyeona ataomba. Wakenya wameliona hili: Ibara ya 54 ya Katiba yao ya 2010 inataja usafiri wa umma na habari katika kifungu kimoja cha haki za wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, nao unadai vyote viwili, usafiri unaofikika na kura ya siri.

Na sisi mainjinia tuna la kujibu. Konda wa daladala, pamoja na matusi yake, anapiga kelele "Kariakoo! Posta!" na asiyeona anajua apande lipi. Mwendokasi ulipoanza Dar mwaka 2016, jukwaa likawa sawa na sakafu ya basi, hatua kubwa, lakini mdomo wa konda ukaondoka. Kwa hiyo spika ya kutaja vituo si pambo la kukatwa pesa zikipungua. Mgombea anayekuja kuomba kura aulizwe hilo, na aulizwe na wasioona wenyewe, maana kura wanazo.

Juzi mjomba kanipigia simu. Habari za vyama hakugusa. Aliniuliza, "Hivi hayo matreni yenu huko, yanasema yamefika wapi?" Nikamwambia yanasema, tena kwa lugha tatu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nitarudi lini.