Vidonge vya kunenepa: kusema "acha leo" hakutoshi

LUBUMBASHI – Katika mji huu, kidonge cha deksamethasoni kinanunuliwa bila karatasi ya daktari, katika farmasia na hata kwenye meza za kando ya barabara. Wengi wanakiita dexa. Mara nyingi anayekinunua hana pumu wala ugonjwa wa viungo. Anataka kunenepa, mashavu yajae, majirani waone kwamba kwake chakula hakikosekani. Watafiti wamekwisha kuandika kuhusu desturi hiyo huko Kinshasa, ambako wanawake wanaichanganya na siproheptadini, dawa inayoongeza hamu ya kula. Lubumbashi nayo haijaepuka.

Wanaoipinga wanawaambia wakaaji: itupeni leo. Nia yao ni njema. Lakini kwa mtu aliyeimeza miezi mingi, neno hilo likisemwa peke yake linaweza kumuua.

Sababu iko ndani ya mwili. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali, inayotoa homoni iitwayo kotisoli. Homoni hiyo inashikilia presha na sukari ya damu, na inapanda mtu anapoogopa, anapoumia au anapougua. Amri ya kuitoa inatoka kwenye pituitari, tezi ya ukubwa wa punje ya njegere iliyo chini ya ubongo. Dexa inafanana na kotisoli, ila ina nguvu karibu mara 25 zaidi. Pituitari ikiona mwili umejaa, inanyamaza. Adrenali zikikosa amri kwa muda mrefu, zinasinyaa.

Mafuta ya kujikoboa yenye klobetasoli yanafuata njia hiyo hiyo, kwa kupitia ngozi.

Jambo hili si geni kwa sayansi. Mwaka 1855, huko London, Thomas Addison alieleza jinsi watu wanavyodhoofika hadi kufa adrenali zao zikiharibika. Mwaka 1948, huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni mgonjwa wa viungo, naye akainuka kitandani baada ya siku chache. Kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Lakini haukupita muda mrefu, madaktari wakaona nyuso za wagonjwa zikiwa za mviringo, ngozi ikiwa nyembamba, na presha na sukari zikipanda. Unene unaosifiwa mtaani, madaktari wanaujua kama dalili ya ugonjwa.

Basi mama ameacha vidonge ghafla, na wiki ya pili anapata malaria. Mwili wake unahitaji kotisoli nyingi kuliko kawaida, na tezi zake zimelala. Anatapika, tumbo linauma, presha inashuka, anazimia. Kila mtu anasema ni malaria kali. Dawa ya malaria peke yake haitamwinua. Anahitaji haraka sindano ya hidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 100, pamoja na maji ya chumvi kwenye mshipa.

Kwa hiyo ujumbe wa redio, makanisa na misikiti ubadilike, uwe na sehemu mbili. Asiyeanza, asianze. Aliyetumia zaidi ya wiki tatu asiache peke yake, aende kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo, maana tezi zinaweza kuchukua miezi kuamka. Wengine watasema maneno hayo yanawapa watu kisingizio cha kuendelea. Hapana. Kumpeleka mtu kwa daktari ni kumpa njia ya kutoka, na anayeogopa kuchekwa ataendelea kununua kwa siri.

Vituo vya afya navyo vina kazi. Muuguzi anayepokea mgonjwa aliyezimia aulize ndugu zake, bila kumwaibisha: "Mama alikuwa anakunywa vidonge gani? Alikuwa anapaka mafuta gani?" Swali hilo halina gharama, na hidrokotisoni isikosekane kwenye kabati. Wenye farmasia, kwa upande wao, wanajua sheria ya kazi yao: dawa hii haiuzwi kama peremende.

Serikali ikague maduka, ndiyo. Lakini ukaguzi ukifunga mlango wa dexa kwa siku moja, wanaoitumia wataachishwa ghafla wote pamoja. Kabla ya kufunga mlango huo, hospitali ziwe tayari kuwapokea.