Grupe ya Kikundi Isiungue



Wiki hii tunaongea juu ya ile grupe ndogo ya esansi, ya wati 650 hadi 950, ambayo mtu mmoja anaibeba kwa mkono. Vikundi vyetu vingi viliinunua kwa pesa ya likelemba. Inachaji simu za majirani, inawasha taa pa washonaji, inazungusha mashine ya kunyoa. Lakini mara nyingi, mbele hata ya mwaka kwisha, inakwama. Ndipo lawama zinaanza. Huyu anamshitaki yule aliyekuwa na zamu ya Jumamosi, yule anasema fundi amebadilisha vyuma. Pesa inapotea, na urafiki unapotea pia.

Sisi tunasema: mbele ya kutafuta mwenye kosa, tuelewe kwanza namna moteri hii inavyofanya kazi. Haiombi masomo ya ufundi. Ni mambo matatu tu: mafuta, hewa na joto.

Oili ipimwe, isikisiwe

Grupe hizi ndogo ziko na moteri ya mapigo mawili. Haina mahali pa kuwekea oili peke yake kama moteri ya gari. Oili inaingia pamoja na esansi, na ni hiyo inayolainisha pistoni ndani ya silenda. Ikikosekana, chuma kinakwaruza chuma, joto linapanda, na pistoni inashikamana na silenda. Dakika chache zinatosha kuharibu mashine ya miaka.

Kipimo cha kawaida cha grupe za namna hii ni sehemu 50 za esansi kwa sehemu 1 ya oili. Lakini someni kwanza kile kilichoandikwa kwenye yenu, na mfuate hicho. Kwa 50 kwa 1, hesabu iko hivi: litre 1 ya esansi inaomba mililita 20 za oili, chupa ya litre moja na nusu inaomba 30, bidoni ya litre 5 inaomba 100. Nunueni sirinji ya mililita 20 kwenye famasi. Sirinji moja iliyojaa, litre moja. Hata mama asiyejua kusoma hatapotea. Muiweke alama na kuifunga pamoja na grupe, isije ikatumiwa siku nyingine kumpa mtoto dawa.

Kupima kwa kifuniko cha chupa si kupima, maana vifuniko havilingani. Oili iwe ile ya moteri za mapigo mawili. Oili iliyotolewa katika gari imejaa uchafu, na mafuta ya kupikia hayakutengenezwa kwa kazi hii. Changanyeni katika bidoni safi, mtikise vizuri, kisha ndipo mmimine katika tanki. Mkimimina esansi kwanza na oili nyuma ndani ya tanki, oili inaweza kubaki chini na isichanganyike. Na mchanganye tu ile mtakayomaliza katika mwezi.

Buji inasema ukweli

Ndani ya kaburateri, esansi inakutana na hewa. Kama esansi ni nyingi kupita hewa, moteri inatoa moshi mzito, inakohoa, inakula mafuta. Kama hewa ni nyingi kupita esansi, mashine inaweza kuonekana kama imepata nguvu: sauti inapanda, moshi unapungua, na watu wanafurahi. Hapo ndipo hatari ilipo. Esansi inapoingia inapoza moteri, na ndiyo inayobeba oili. Ikipungua, baridi inapungua na oili pia inapungua. Moteri inayotoa moshi mwingi inachafuka. Moteri yenye njaa ya esansi inaungua.

Namna ya kujua ni kufungua buji, ile inayotoa cheche, wakati moteri imepoa. Tazameni ncha yake. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ao ya tofali, mambo iko sawa. Ikiwa nyeusi na yenye kulowana, esansi ao oili imezidi, ao filtre ya hewa imeziba, ao mtu amesahau kufungua ile starteri ya kuwashia wakati wa baridi. Ikiwa nyeupe kama majivu, simamisheni kazi. Pengine tundu dogo la esansi katika kaburateri limeziba kwa uchafu, ao hewa inaingia kupitia mahali palipopasuka kati ya kaburateri na silenda. Hapo muite fundi, na mumwonyeshe ile buji. Fundi mwema atafurahi kuona kikundi kinachojua kusoma buji.

Bukavu na Uvira si hewa moja

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Bukavu na Goma ziko juu, karibu metre 1.500, sawa na ziwa Kivu lenyewe. Hewa ya huku ni nyepesi. Moteri inavuta hewa kidogo, esansi inazidi, na nguvu inapungua. Kwa kukadiria, moteri inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila metre 300 za kupanda. Basi grupe iliyoandikwa wati 900 musiihesabie wati 900 pa Bukavu. Hesabuni kama 750.

Ndiyo sababu mafundi wengine wa huku wanapunguza esansi katika kaburateri ili mashine ipumue vizuri. Ni sawa. Lakini grupe hiyo ikiuzwa ao ikitumwa kwa ndugu pa Uvira, kando ya Tanganyika, inashuka hadi kama metre 770. Kule hewa ni nzito na joto ni kali. Ile esansi iliyotosha Bukavu haitatosha tena, na moteri itaungua hata kama oili ilipimwa vema. Mnaponunua grupe iliyotumika, ulizeni swali moja: ilikuwa inafanya kazi wapi? Na fundi wa mahali mpya aambiwe.

Joto lipate njia ya kutoka

Moteri hii haina maji ya kuipoza. Inapozwa na upepo unaopita katika yale mapezi ya chuma kwenye silenda. Yakijaa vumbi na mafuta, ni kama kumfunika mtoto mwenye homa na blanketi tatu. Kila wiki, moteri ikiwa baridi, muyasafishe kwa brosi kavu. Iwekeni kwenye kivuli, pahali pa wazi, siyo ndani ya kisanduku cha mbao kwa kuogopa wezi.

Na msiipakie kupita nguvu. Pasi ya umeme ao mashine ya kukausha nywele mara nyingi inaomba wati 1.000 na zaidi. Hiyo si kazi ya grupe hii. Friji inaomba nguvu nyingi sana wakati inapowaka. Mkisikia sauti inashuka, ao harufu ya kuungua, toeni mzigo mara moja. Wakati wa kuzima, ondoeni kwanza vitu vyote, muiache izunguke bure dakika moja ao mbili, kisha mzime. Na mbele ya kuongeza esansi, muiache ipoe robo ya saa. Esansi ikimwagika juu ya chuma cha moto, si mashine tu itakayoungua.

Sheria hii ni moja kwa moteri ndogo zote. Hata vile vigari vya mchezo vya Ulaya, vinavyoendeshwa kwa mbali na kutumia mafuta ya nitro, vinafundisha vilevile. Wachezaji wake wanageuza kisindano cha mafuta kidogo kidogo, kisha wanadondosha tone la maji juu ya kichwa cha moteri: likichemka polepole ni vema, likiruka na kukauka mara moja moteri imepata joto kupita kiasi. Grupe yetu inakuwa na joto kuliko ile, kwa hiyo kwetu tone la maji si kipimo. Kwetu ni buji na sikio. Lakini jamaa akiwatumia watoto kigari cha namna hiyo, mfungie mafuta yake mbali nao. Ndani yake mna metanoli, na kuinywa kidogo kunaweza kupofusha macho ao kuua.

Moshi unaua bila kunuka

Hili tunaliweka mwisho ili libaki katika kichwa. Ndani ya moshi wa grupe mna gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, na watu wanafikiri ni malaria. Kisha anasinzia na hapati tena kuamka. Grupe isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, wala barazani, wala pa mlango, hata wakati wa mvua, hata kama dirisha liko wazi. Iwe nje, hatua kumi kutoka nyumba, na moshi uelekee mbali na madirisha, ya kwenu na ya jirani. Watu wawili wakiumwa kichwa wakati mmoja, tokeni wote nje kwanza na mwende hospitali, mengine yatafuata.

Sasa tunawaomba kitu kimoja. Kila kikundi kifungue daftari la grupe: tarehe, jina la mwenye zamu, saa ilizofanya kazi, litre za esansi, sirinji za oili, na rangi ya buji mara moja kwa mwezi. Siku mashine itakapokwama, daftari ndilo litakalojibu, na hakuna dada atakayeshitakiwa bure.

Tuonane wiki ijayo. Amani kwenu na kwa nyumba zenu.