Feni ya "dairekti" si matengenezo

Leo naweka kando mambo ya programu, nina maneno na makanika wetu. Nikimalizana nao, nina maneno na sisi tunaowalipa.

Gari likichemka kwenye foleni ya Uhuru Highway na feni ya rejeta haizunguki, dawa ya gereji nyingi ni moja: "Tuiweke dairekti." Fundi anakata waya, anaunganisha feni na swichi ya ufunguo, na tangu hapo feni inazunguka kila injini ikiwaka, iwe baridi au moto. Akiwa na bidii zaidi anang'oa thamostati na kuitupa. Dakika ishirini, umelipa, umeenda zako. Hapo hakuna kilichotengenezwa. Kengele imenyamazishwa, moto bado unawaka.

Najua kwa sababu mimi mwenyewe nililipia kazi hiyo. Corolla yangu, ile tunayoiita 110, ilikaa na feni ya dairekti miezi saba, bila thamostati. Mshale wa joto ukawa haupandi, nami nikafurahi kama mjinga. Petroli ikawa inaisha mapema, sikuuliza kwa nini. Injini baridi hupewa petroli zaidi, na huchakaa haraka. Mwishowe mota ya feni, iliyochoka kuzunguka bila kupumzika, ikafa katikati ya foleni. Nikarudi pale pale nilipoanzia, safari hii nikiwa na makosa mawili badala ya moja.

Jumamosi iliyofuata nikafanya kama nifanyavyo programu ikikwama: sigusi kitu kabla ya kujua kosa liko wapi. Nawe fuata hivi.

Kwanza, gari linachemka wapi? Likichemka kwenye foleni tu, na likipata mwendo linapoa, shuku feni. Likichemka hata kwenye barabara wazi, feni haina hatia, maana upepo wa mwendo unatosha. Angalia kiasi cha maji, rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au thamostati iliyokwama.

Pili, kifuniko cha rejeta. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na huku maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Kifuniko ndicho kinachoyabana yasichemke mapema. Kikilegea, maji yanaanza kuchemka karibu na joto lile lile ambalo feni ya Corolla kama yangu hutakiwa kuanza, nyuzi 93. Kisha feni inasingiziwa.

Tatu, mota. Chomoa plagi yake, uipe umeme wa betri kwa waya mbili, mmoja ukiwa na fyuzi. Ikizunguka, ni nzima. Yangu haikuzunguka, nikanunua nyingine, nikarudisha waya zote zilizokatwa mahali pake. Angalia pia upepo unaelekea wapi: ukibadilisha waya hizo mbili, feni iliyo nyuma ya rejeta itazunguka kinyume na kushindana na upepo wa mwendo. Dairekti inaweza kuwa na kasoro hiyo.

Nne, hapa ndipo pananifurahisha. Katika Corolla nyingi za miaka ya 1990, swichi ya joto hupitisha umeme injini ikiwa baridi, na hukata injini ikipata moto. Washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha chomoa plagi ya swichi hiyo. Feni inapaswa kuzunguka. Waliobuni walijua kwamba waya ukikatika njiani, ni heri feni izunguke bure kuliko injini iungue. Yangu ilizunguka. Kitendo kimoja kikawaondolea lawama fyuzi, rilei, waya na mota kwa pamoja. Akabaki mshukiwa mmoja, swichi yenyewe. Nikaibadilisha, nikarudisha na thamostati, na mpaka leo feni inaanza na kusimama yenyewe. Kama isingezunguka, ningeanza na fyuzi, kisha ningeazima rilei ya honi, kama ni ya aina ile ile.

Magari ya baadaye yana sensa inayopeleka joto kwenye tarakilishi ya injini. Huko tumia kisomaji cha OBD. Joto la maji huja kama baiti moja. Toa 40 upate nyuzi, yaani 133 ni nyuzi 93. Msimbo P0480 unakupeleka kwenye umeme wa feni. P0128 ni gari likilalamika kwamba halifikii joto lake, na mara nyingi chanzo ni thamostati.

Sasa nisikie utetezi: "Hapa Afrika kuna joto, thamostati ni ya ulaya." Jamani! Gari hilo lilitoka Japani, ambako Tokyo mwezi wa Agosti huwa na joto kuliko Nairobi, na huko lilikuwa na thamostati. Nairobi mwezi wa Julai asubuhi sote tunavaa sweta. Injini inataka nyuzi 80 na zaidi, awe wapi mwenyewe.

Nakubali jambo moja. Ukikwama Mtito Andei usiku, weka dairekti, tena yenye fyuzi, ufike nyumbani. Lakini ukifika, itoe.

Na sisi wateja? Fundi akisema apewe saa mbili apime, tunamwambia anatupotezea muda. Akikata waya kwa dakika ishirini, tunamsifu kuwa ni mkali. Tunalipia kelele ya feni, hatulipii kujua. Nasi wa programu tusicheke, maana ni wangapi tumeficha ujumbe wa kosa ili mteja aone skrini safi?

Basi mara nyingine ukifika gereji, kabla koleo halijagusa waya, uliza swali moja: "Umepima nini?" Kama jibu ni kimya, chukua ufunguo wako. Na kama amepima, mlipe kwa kupima, hata kama dawa yenyewe ni swichi ndogo tu.